Kabla hujahama sembe kwenda dona, uliza kwanza mahindi yalilala wapi

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam. Najua nyuzi za vyakula vya asili na vya viwandani zimejaa humu, ila naomba mods msiuunganishe huu kwanza. Kazi yangu ni kukoboa na kusaga mahindi ya watu, Morogoro, na tangu watu waanze kuambiwa hospitali na mitandaoni "acha sembe, kula dona", mashine ya kukoboa inapumzika kuliko zamani. Sina ugomvi na hilo, hela ya kusaga naipata vilevile. Kinachonisumbua ni kwamba mtu anaondoka na ndoo ya dona akiamini kamaliza kazi, kumbe swali kubwa hajauliza.

Tuanzie kwenye punje yenyewe. Ina ganda la nje, ina kiini pale chini penye ncha ambacho ndicho kingeota ukiipanda, na iliyobaki karibu yote ni wanga. Kiini kwa uzito ni kama sehemu moja ya kumi tu, lakini ndicho kimebeba zaidi ya robo tatu ya mafuta ya punje na sehemu kubwa ya madini. Mashine ya kukoboa inaisugua punje mpaka ganda linavuka na kiini kinang'oka, vyote vinatoka upande wa pumba. Kinachobaki kinaingia kwenye kinu cha nyundo, hapo ndipo inapatikana sembe. Dona inaruka kukobolewa, punje inasagwa na vyote ilivyozaliwa navyo.

Tofauti si ndogo. Unga wa punje nzima una nyuzinyuzi kama gramu 7 kwa kila gramu 100. Ukiondolewa ganda na kiini sawasawa, unaweza kushuka hadi gramu 2 hivi. Chuma, magnesiamu na vitamini B1 navyo vinashuka kwa zaidi ya nusu. Mashine zetu za mtaani hazikoboi kwa ukamilifu wa viwanda vikubwa, kwa hiyo sembe ya mtaani ina afadhali kidogo, ila mwelekeo ni huohuo. Pumba wananunua wafugaji. Kuku wa mjini anakula vizuri kuliko mwenye kuku.

Sasa kwa nini watu walipenda sembe? Si ujinga, kama baadhi wanavyoandika humu. Mafuta ya kiini yakishasagwa yanakutana na hewa na kuanza kuchacha, ndiyo maana dona ya muda mrefu inakuwa chungu. Sembe inavumilia dukani. Pili, heshima. Waliosoma bweni wanaelewa: dona ni ugali wa shule, wa jela, wa mwaka wa njaa. Mgeni akija anapikiwa sembe nyeupe, na hakuna mama anayetaka kusikia "kule tulilishwa dona".

Hapa ndipo mjadala wetu unapopinda. Watu wanaita sembe "chakula cha kiwandani" na kuiweka kapu moja na soseji na soda. Kuna mgawanyo unaoitwa NOVA, uliotolewa 2009 na Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili. Unagawa vyakula makundi manne kwa kuangalia vimefanywa nini, hauhesabu virutubishi. Kundi la kwanza ni vya asili au vilivyoguswa kidogo, la pili ni viungo vya kupikia kama mafuta, sukari na chumvi, la tatu vilivyosindikwa kawaida kama samaki wa kopo na jibini, la nne ni vile vinavyoundwa kiwandani kwa fomula: wanga uliobadilishwa, ladha, rangi, vikolezo ambavyo huna jikoni kwako. Unajua sembe ipo kundi gani? La kwanza, pamoja na dona. Unga mtupu wa nafaka upo humo, umekobolewa au haujakobolewa.

Kwa hiyo kukobolewa ni swali moja na kuundwa kwa fomula ni swali jingine. Na lipo la tatu ambalo kwangu ndilo zito zaidi: usalama wa punje kabla haijafika kwangu.

Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Waliohesabiwa walikuwa 68, wakafa 20. Sumukuvu inayotuua sisi zaidi ni aflatoksini, inatoka kwa kuvu anayeitwa Aspergillus flavus. Anaingia shambani wakati wa ukame, anaendelea kuongezeka ghalani kwenye unyevu. Na anapenda kukaa wapi? Kwenye ganda na kiini. Sehemu zile zile unazozifuata kwenye dona.

Mahindi yakiwa safi, dona inaishinda sembe, sibishani na daktari wa mtu yeyote. Mahindi yakiwa yameoza, kukoboa kunaondoa sehemu kubwa ya sumu na dona inakulisha yote. Halafu kupika hakusaidii, moto wa ugali hauiui aflatoksini. Nawasilisha.

#2

Mkuu mbona unatutisha? Babu zetu walikula dona maisha yao yote, hawakujua presha wala sukari, wakafika miaka 90. Haya mambo ya sumukuvu yameletwa na wazungu wanaotaka kuuza dawa zao.

#3 Mleta uzi

Babu yako alikuwa na kinu na mchi nyumbani, muulize bibi. Kinu kile kazi yake kubwa ilikuwa kukoboa. Wanawake wa Kiafrika wamekoboa kwa mikono karne na karne, kisha wanapepeta pumba kwa ungo. Na alikula mtama, uwele, ulezi, mihogo, sio mahindi asubuhi mchana na jioni. Mahindi yenyewe ni mgeni, asili yake bara la Amerika. Waliofika 90 unawaona kwa sababu walifika. Waliozikwa wakiwa na miaka 4 hawana uzi humu.

Kuhusu wazungu, waliokufa 2016 walikuwa wa Chemba, Kondoa, Kiteto. Hakuna aliyewauzia kitu.

#4

Ndugu zangu wa TZ, niongezee kutoka upande wa Kenya. Sisi huku Ukambani tulionja hiyo shida 2004. Makueni na Kitui ndizo ziliumia zaidi. Wagonjwa 317, waliofariki 125. Mahindi yalivunwa, mvua ikaja wakati mbaya, watu wakayaweka ndani ya nyumba yakiwa hayajakauka kwa sababu njaa ilikuwa imefanya wezi wawe wengi. Ukiyaacha nje yanaibwa, ukiyaweka ndani yanaoza. Mtu afanye nini?

Na jambo ambalo mleta mada amegusia, kuna chakula chetu kinaitwa muthokoi. Ni mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe au mbaazi. Watafiti wamepima wakaona kukoboa huko kunapunguza aflatoksini kwa kiwango kikubwa. Kwa hivyo bibi aliyekuwa anatwanga muthokoi hakuwa anaharibu chakula, alikuwa analinda watoto hata kama hakujua jina la hiyo sumu.

Siku hizi Nairobi mambo yamegeuka. Unga wa kisiagi, ule wa punje nzima, ulikuwa wa mtu asiye na pesa ya kununua pakiti. Sasa unauzwa supamaketi kwenye mfuko wenye picha ya jani la kijani, na bei iko juu kuliko gredi ya kwanza. Kisha Novemba 2019 shirika letu la viwango likapiga marufuku aina tano za unga wa pakiti kwa sababu ya aflatoksini. Hata pakiti si kinga.

#5

Nipo idara ya lishe, hospitali moja ya wilaya, siitaji. Mleta uzi yuko sawa kwa sehemu kubwa, niweke mawili.

Kwanza, madini ya kwenye dona si yote yanaingia mwilini. Kiini kina faitati nyingi, ambayo inashikilia chuma na zinki, zinapita tu. Ndiyo maana togwa na uji wa kuchachusha una faida: uchachu unavunja faitati. Bibi zetu walikuwa na hii kitu bure kabisa, tumeiacha tukakimbilia vidonge.

Pili, ugali uwe mweupe au wa kijivu, hautoshi peke yake. Niasini ya kwenye mahindi imefungwa, mwili unaipata kidogo sana. Malawi mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji walipata pelagra, ule ugonjwa wa ngozi kubabuka, kuhara na kuchanganyikiwa. Wagonjwa zaidi ya 17,000. Mgao wao ulikuwa mahindi kwa wingi, na kilichokuwa kinawaokoa ni karanga. Karanga zilipokatika, ugonjwa ukalipuka. Fikirieni hilo: kiganja cha karanga ndicho kilikuwa kati yao na pelagra.

Ndiyo maana nchi yetu ikatoa kanuni za kuongeza virutubishi kwenye vyakula mwaka 2011, ngano na mahindi viwekewe chuma, zinki, asidi ya foliki na B12. Viwanda vikubwa vinaweza. Mashine za mtaani kama ya mleta uzi, ambazo ndizo zinasaga sehemu kubwa ya unga unaoliwa nchini, ni kazi nyingine.

#6

Nesi nisaidie hapohapo. Mwanangu ana miezi 9. Nauziwa unga wa lishe wenye mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga, ufuta na dagaa ndani yake. Ni whole... samahani, ni asilia kabisa, muuzaji anasema hauna kemikali. Mtoto anaharisha kila nikimpa. Tatizo ni nini?

#7 (idara ya lishe)

Mama, kwanza mpeleke kliniki aangaliwe, kuhara kwa umri huo hakusubiri majibu ya mtandaoni. Mpe maziwa yako na ORS njiani.

Kuhusu unga: mchanganyiko wa vitu kumi ni sifa ya biashara, si ya lishe. Nafaka mbili zinatosha, na hata moja inatosha. Karanga, soya na dagaa vikishasagwa pamoja na kukaa kwenye mfuko, mafuta yanachacha. Soya isipokaangwa vizuri inasumbua tumbo. Na karanga ni mwenyeji mwingine mkubwa wa aflatoksini, tena ukishasaga huwezi kuona ipi ilikuwa na ukungu. Mpikie uji wa ulezi au mahindi, karanga chambua mwenyewe, kaanga, twanga za siku hiyo, tia ukiipua. Siku nyingine weka maziwa, siku nyingine yai. Neno "hauna kemikali" lisikupe usingizi, aflatoksini yenyewe imetengenezwa na kiumbe wa asili.

#8

Mimi ni mgonjwa wa sukari, aina ya pili. Nilihamia dona nikala sahani ile ile kama mlima, sukari haikushuka ng'o. Nikaona nimetapeliwa.

#9 Mleta uzi

Hujatapeliwa mkuu, ulikuwa unapima kitu kingine. Naomba nesi anisahihishe nikiteleza. Dona ina nyuzinyuzi zaidi, lakini mimi nimeshaisaga ikawa vumbi. Neti ya kinu changu ni ndogo kwa sababu wateja hawataki ugali unaokwaruza. Punje nzima ambayo haijasagwa mwili unaitafuna taratibu, unga laini unayeyuka haraka hata kama una ganda lake ndani. Ukitaka mahindi yanayokwenda pole, kula makande. Punje iko pale, maharage yako pale. Hicho ndicho chakula kizima kweli, na hakuna anayekipiga picha.

#10 (idara ya lishe)

Sahihi. Na kiasi, kiasi, kiasi. Mlima wa dona ni mlima wa wanga. Nusu ya sahani iwe mboga, ugali ukae robo. Usibadilishe dozi ya dawa kwa sababu umebadilisha unga, ongea na daktari wako.

#11

Wakuu mnapoteza muda na sembe na dona. Adui ni soda, soseji, tambi za dakika tatu, juisi za unga, na vile vidonge vya mchuzi. Mtu anakula dona mchana, jioni chipsi kwenye mafuta ya juzi na soda baridi, anasema amerudi kwenye asili.

#12 Mleta uzi

Hapa nakuunga mkono kwa asilimia zote, na ndiyo sababu nimesema sembe isiwekwe kapu moja na hivyo. Kuna jaribio moja zuri, lilichapishwa 2019, la Kevin Hall na wenzake katika taasisi za taifa za afya Marekani. Walichukua watu wazima 20, wakawafungia hospitalini. Wiki mbili wanapewa vyakula vya kundi la nne, wiki mbili vya kundi la kwanza, wengine wakianza kinyume. Sahani zilizowekwa mezani zilikuwa na nishati, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zinazolingana, kila mtu ale anavyotaka. Kwenye vyakula vya fomula walikula takriban kalori 500 za ziada kwa siku, wakanenepa karibu kilo moja. Kwenye vya asili wakapungua kiasi hichohicho. Kalori 500 kwa lugha yangu ni kama gramu 140 za unga mkavu. Kila siku, bila kuhisi.

Jaribio ni dogo na fupi, watu 20 si taifa. Ila walikuwa chini ya uangalizi, hawakuulizwa tu "jana ulikula nini", na ndiyo maana nalipa uzito.

Soda ya kola ya mililita 300 ina sukari kama gramu 32. WHO wanasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50. Soda mbili umeshavuka, chai hujaitia kitu.

#13

Rahisi kusema. Mimi ni bodaboda, natoka saa 11 alfajiri narudi saa 4 usiku. Chumba kimoja, jiko la mkaa. Maharage saa tatu motoni, mkaa ni bei gani? Chipsi dakika kumi nimeshiba. Mnaoandika kuhusu makande mna gesi na dada wa kazi. Chakula cha asili ni cha mwenye muda.

#14

Huyu hapa juu ameongea. Hata mimi naona ujumbe wa "kula asili" unatupiwa mama na mke, yeye ndiye achambue, aloweke, aanike, atwange. Mwanaume anasema "nimeacha sembe" halafu kazi yote inaongezeka kwa mwingine.

#15 Mleta uzi

#13 na #14, sina jibu la kuwafurahisha, ila nisiwakwepe. Ni kweli kuwa maharage yaliyolala majini usiku kucha yanaiva mapema zaidi, na hilo halihitaji gesi, linahitaji kukumbuka jana yake. Pia hivi vya asili si lazima vipikwe kwa saa tatu: dagaa wakavu, mayai, ndizi, parachichi, mtindi, karanga za kuchemsha pale stendi. Dagaa ni samaki aliyekaushwa, maziwa ya mtindi yamechachushwa, yote yamesindikwa na yote ni chakula kizuri. Ndiyo maana neno "kusindika" peke yake halinitishi.

Mama ntilie wa karibu na kijiwe chako anapika maharage sufuria kubwa kwa mkaa wa watu arobaini. Sahani yake ya ugali, maharage na mchicha mara nyingi haizidi bei ya chipsi na soda. Huo ndio muda unaununua kwa mwenzako.

Kwa #14 sitetei. Wanaokuja mashineni na mahindi ni wanawake na watoto kwa idadi isiyo na ubishi, na wanaume wanakuja na maoni.

#16

Swali la mwisho kutoka kwangu. Tuseme nimekubali, nataka dona. Nanunua gunia Kibaigwa kupitia dalali, nitajuaje kuwa ni salama?

#17 Mleta uzi

Kwa macho tu huwezi kujua kwa uhakika. Aflatoksini haina harufu wala rangi, na punje inaweza kuonekana safi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, hakuna jicho la kuona hiyo. Lakini kuna kitu kimoja kinatusaidia: sumu haisambai sawasawa, hujirundika kwenye punje chache mbovu. Ukichambua na kutoa zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizopasuka na zilizotobolewa na dumuzi, umeondoa sehemu kubwa. Zioshe, zinazoelea zitupe, kisha anika upya juu ya turubai, usianike ardhini. Na mbovu usimpe kuku wala ng'ombe: sumu ya kwenye pumba hurudi kwako kupitia maziwa.

Halafu unyevu. Kiwango ni asilimia 13.5. Wasio na kipimo watumie chumvi: chupa ya kioo kavu kabisa, jaza mahindi theluthi moja, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika kadhaa, acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, usiyaweke ghalani. Isiponata yako chini ya 15, bado haina maana umefika 13.5, anika tena. Yakishakauka kweli, yatie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ya PICS ambayo wengine wanaiita kinga njaa, hapo dumuzi anakosa pumzi na unyevu hauingii.

Saga kidogo kidogo, cha wiki mbili hivi, ubaki na punje. Na ukikuta gunia ambalo huliamini na huna pesa ya kununua jingine, chambua halafu likobolewe. Siku hiyo kula sembe bila aibu, ongeza mchicha na karanga ulizochambua mwenyewe.

#18

Kumbe chumvi! Chupa ya plastiki itafaa?

#19 Mleta uzi

Kioo ni bora, chumvi unaiona vizuri ikinata. Plastiki ikiwa safi na kavu kabisa unaweza kujaribu, ila usitumie iliyokuwa na soda, sukari iliyobaki itanatisha chumvi na utayakataa mahindi mazuri.